Kila Diski na Saa Yake: Kuunganisha Video ya DVD Mbili Bila Kuibana Upya

Mjomba alikuja na DVD mbili ndani ya bahasha moja. Juu ya kila moja palikuwa na maandishi ya kalamu ya wino mzito: BABA 1, BABA 2. Ni mahojiano na marehemu babu, yaliyorekodiwa zamani kwenye kanda ya VHS ya dakika 180, kisha yakahamishiwa kwenye diski na mtu aliyekuwa akifanya kazi hizo. Kanda moja, diski mbili, kwa sababu DVD ya tabaka moja hubeba GB 4.7 tu, na saa tatu kwa ubora ule hazingeenea.

"Mpwa wangu," akasema, "nataka iwe moja. Baba anakatwa katikati ya sentensi, nami nainuka kutafuta diski ya pili. Na tafadhali usiniharibie sura yake. Tayari haionekani vizuri."

Sharti hilo la mwisho ndilo lililoamua njia. Video ya DVD imebanwa, yaani imepunguzwa ukubwa, kwa mbinu iitwayo MPEG-2. Ukiitia kwenye programu ya kawaida ya kuhariri, ukapanga vipande viwili na kubonyeza kitufe cha kuhifadhi, programu itaifumua picha yote na kuibana upya toka fremu ya kwanza hadi ya mwisho (fremu ni picha mojamoja zinazounda video), zikiwemo zile dakika zote ambazo hukuzigusa. Kila mbano hutupa kitu. Hapa kanda ilishapoteza chake, MPEG-2 nayo ikapoteza chake ikihangaika na chembechembe za kanda. Mbano wa tatu ungemaliza makunyanzi ya uso wa babu kabisa. Isitoshe, picha yenyewe ni ya mistari ya kupishana: mistari 576 inayokuja nusu kwa nusu, mara 50 kwa sekunde. Programu ikikosea na kuichukulia kama picha kamili 25, kila mkono unaosogea huota meno kama kitana. Kunakili mikondo ya picha na sauti kama ilivyo huepuka yote hayo, na humalizika kwa dakika chache.

Nilimwambia mjomba arudi jioni. Nilichukua siku mbili.

Kutoa data kwenye diski

Hapa nitapita haraka. Sikufungua faili lolote moja kwa moja kutoka kwenye diski. Nilitengeneza kwanza nakala nzima ya kila diski kwa ddrescue, programu ya kunakili diski zenye kasoro, nikisoma kwa vipande vya baiti 2048, kipimo cha sekta ya DVD. Diski huandikwa kutoka katikati kwenda nje, kwa hiyo mwisho wa rekodi hukaa ukingoni, pale vidole vinaposhika. BABA 1 ilikuwa karibu kujaa na ukingo wake ulikuwa na alama za vidole za kutosha kumtambua mtu. Sekta kadhaa ziligoma mara ya kwanza, nikaifuta diski kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, na zote zikasomeka kwenye mzunguko wa pili. Hizi ni diski za nyumbani, hazina kufuli la kuzuia kunakili.

Ndani ya folda ya VIDEO_TS kulikuwa na mambo ya kawaida: mafaili ya IFO yanayoeleza mpangilio wa diski, nakala zake za BUP, na VOB zenye video yenyewe. BABA 1 ilikuwa na VTS_01_1.VOB hadi VTS_01_5.VOB; BABA 2 iliishia VTS_01_4.VOB. Ile inayoishia na sifuri, VTS_01_0.VOB, ni menyu. Iache. Ukiiunganisha na mengine utaanza video yako na ukurasa wa vitufe visivyobonyezeka.

Jaribio la kwanza: gundi tupu

Ukitazama ukubwa wa VOB zilizojaa utaona namba ileile ikijirudia, baiti 1,073,709,056. Kanuni ya DVD hairuhusu VOB moja kuzidi GB 1 ile ya kompyuta, basi programu iliyotengeneza diski hukata mkondo ukifika hapo. Hukata kati ya sekta na sekta bila kujali picha: fremu inaweza kuanza kwenye faili la pili na kumalizikia la tatu. Kwa hiyo VOB za diski moja ukizibandika baiti kwa baiti, kwa cat kwenye Linux au copy /b kwenye Windows, unarudisha mkondo ule ule uliokuwapo kabla ya kukatwa. Hakuna hila wala hasara.

Nililijua hilo, na likanidanganya. Nikasema: kama za diski moja zinashikana hivi, za diski mbili zitashindwaje? Nikazipa VOB za BABA 2 majina mapya, VTS_01_6 hadi VTS_01_9, nikaziweka folda moja na zile tano, nikabandika zote tisa.

Faili likazaliwa, la GB 8.2. Likafunguka. Babu akatokea, akasema, sauti safi. Kisha nikatazama pembe ya chini ya programu, pale panapoandikwa urefu: 1:21:07.

Saa moja na dakika 21, kwa faili linalopaswa kukaribia saa tatu. Nikasogeza kishale katikati, babu akaruka mahali pasipoeleweka. Nikarudisha nyuma kidogo, akaruka kwingine kabisa. Nikiacha icheze yenyewe bila kuigusa, yote yalikuwamo, toka mwanzo hadi mwisho. Data ilikuwa kamili. Kilichopotea ni hesabu ya muda.

Namba ile ndiyo iliyonipa jibu, nami ilinichukua kikombe kizima cha chai kuiona. BABA 2 peke yake ina urefu wa 1:21:07. Sawasawa, hadi sekunde.

Ndani ya mkondo wa MPEG kila fremu ya picha na kila kipande cha sauti hupigwa muhuri wa muda, unaohesabiwa na saa inayogonga mara 90,000 kwa sekunde. Saa ile huanza karibu na sifuri mwanzoni mwa diski. BABA 1 ikahesabu hadi 1:38:32 ikakoma. BABA 2 ilitengenezwa kama diski inayojitegemea, haina habari na mwenzake, ikaanza tena sifuri. Nilipobandika, katikati ya faili saa ilirudi nyuma saa moja na nusu. Programu ya kuchezea, ikitafuta urefu, haisomi GB 8 zote. Husoma muhuri wa mwanzo, hukimbilia mwisho kusoma wa mwisho, na kutoa. Mwanzo sifuri, mwisho 1:21:07. Ilikuwa imejibu kwa uaminifu kabisa swali lisilo sahihi.

Kwa hiyo kubandika baiti ni halali ndani ya diski moja na ni kosa kati ya diski mbili, ingawa mafaili yanafanana kwa sura, jina na ukubwa. Mwenye kazi kama hii akumbuke hilo kabla ya kugusa programu yoyote.

Jaribio la pili: orodha ya ffmpeg

Nikahamia ffmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa amri za kuandika. Ina njia tatu za kuunganisha na watu huzichanganya. Kichujio cha concat hufumua na kubana upya, kwa hiyo hakituhusu. Itifaki ya concat, ile ya kutenganisha majina kwa alama ya mstari wima, ni kubandika baiti tu kama nilivyokwisha kufanya. Ya tatu husoma orodha ya mafaili kutoka kwenye faili la maandishi, na hiyo ndiyo inayosahihisha saa: huchukua urefu wa faili la kwanza na kuuongeza kwenye kila muhuri wa faili la pili.

ffmpeg -f concat -safe 0 -i orodha.txt -c copy jaribio.mkv

Maneno mawili ya -c copy ndiyo yanayoizuia isibane upya. Kwenye orodha niliweka mafaili mawili: d1.vob, ambalo ni VOB tano za BABA 1 zilizobandikwa, na d2.vob, zile nne za BABA 2.

Mara hii urefu ulisomeka vizuri, na nusu ya kwanza ilikuwa salama. Ilipofika mpaka wa diski, picha ikaganda kwenye fremu moja: babu amenyoosha kiganja juu ya meza. Sauti ikatoweka. Akabaki hivyo, kimya, hadi nikafunga dirisha.

ffprobe, mwenzake ffmpeg wa kukagua mafaili, ikanionyesha kwa nini. Kwenye d1.vob, ukiacha mkondo wa data za uelekezaji wa diski, picha ilitangulia na sauti ikafuata. Kwenye d2.vob sauti ilitangulia, picha ikafuata. Mikondo ya VOB haipangwi kwa orodha iliyoandikwa mwanzoni mwa faili. Ffmpeg huipa namba kadiri inavyokutana nayo, na kama kifurushi cha kwanza kwenye diski ya pili ni cha sauti, sauti hupata namba ndogo. Njia ya orodha hulinganisha mikondo kwa namba hizo. Basi picha za diski ya pili zikamiminwa kwenye mfereji wa sauti, na sauti kwenye mfereji wa picha.

Kuna dawa yake: ndani ya orodha unaweza kuandika exact_stream_id na kutaja kitambulisho cha mkondo badala ya nafasi yake. Kwenye VOB picha huwa 0x1e0 na sauti ya kwanza ya AC-3, mbano wa sauti unaotumika kwenye diski hizi, huwa 0x80, haidhuru nani katangulia. Mwongozo wa ffmpeg wenyewe unakitaja kielekezo hicho kwa ajili ya VOB. Lakini pia unaonya kwamba urefu wa faili la kwanza usipokuwa sahihi, faili la pili litasogezwa vibaya, na VOB haibebi urefu wake popote, hukisiwa. Nikaona nimekwisha kukisia vya kutosha.

Jaribio la tatu: kila diski kwenye kasha lake

Wazo likawa hili: kabla ya kuzikutanisha diski, kila moja iingie kwanza kwenye kasha lenye saa safi na urefu unaojulikana. Kasha hilo ni MKV, aina ya faili linalobeba picha na sauti pamoja, na fundi wake ni programu ya mkvmerge. Haibani chochote, hutoa mikondo kwenye VOB na kuipanga upya ndani ya MKV.

mkvmerge -o d1.mkv BABA1/VIDEO_TS/VTS_01_1.VOB
mkvmerge -o d2.mkv BABA2/VIDEO_TS/VTS_01_1.VOB

Utauliza VOB nyingine ziko wapi. Hapo pana mtego ulionichekesha. mkvmerge ikiona jina linaloishia na alama ya chini na namba, hutafuta yenyewe ndugu zake ndani ya folda hiyohiyo na kuyachukua yote kama faili moja refu. Ukiitajia la pili na la tatu kwa alama ya kujumlisha, unaweza kujikuta na video inayojirudia. Na kama ningeielekeza kwenye ile folda yangu ya VOB tisa zenye majina ya kubuni, ingezimeza zote tisa kwa mkupuo, na ugonjwa wa saa ungerudi kupitia mlango wa nyuma. Ndiyo maana kila diski imekaa kwenye folda yake. Ukitaka ichukue faili moja tu, weka alama ya = mbele ya jina.

Kabla ya kuunganisha nililinganisha tabia za mafaili mawili. Picha zote 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, uwiano 4:3. Sauti zote AC-3, njia mbili, 48 kHz. Kama moja ingekuwa na vipimo vingine vya picha au idadi nyingine ya njia za sauti, mkvmerge ingekataa, na safari ya bila kubana ingeishia hapo.

Kisha:

mkvmerge -o pamoja.mkv --append-mode track d1.mkv + d2.mkv

Lile neno track nililiweka kwa kujiona mjuzi. Mwongozo unaeleza namna mbili za kusogeza saa ya faili la pili. Kwa file, ambayo ndiyo ya kawaida usiposema kitu, mikondo yote ya faili la pili husogezwa kwa kiasi kimoja, yaani muhuri mkubwa kuliko yote wa faili la kwanza. Kwa track, kila mkondo huanzia pale mkondo mwenzake ulipoishia. Mwongozo unaongeza kwamba track huenda ikafaa zaidi kwa VOB. Nami nina VOB, sivyo?

Nikacheza sehemu ya pili. Babu anaongea, lakini maneno yanatoka kabla ya midomo kufunguka. Kwa umbali, ukitazama ovyo ovyo, usingejua. Ila kuna mahali anagonga meza kwa kiganja: mlio unasikika kiganja kikiwa bado hewani.

Kipimo kikaeleza. Picha ya d1.mkv iliishia 1:38:32.000, sauti ikaishia sekunde 0.224 kabla, sawa na vipande saba vya AC-3 vya milisekunde 32 kila kimoja. Programu iliyotengeneza diski ilifunga sauti mapema kidogo, jambo ambalo hakuna anayelitambua mwishoni mwa diski. Lakini kwa track sauti ya BABA 2 ilijisogeza kuziba pengo lile, ikawa mbele ya picha kwa 0.224 kwa saa nzima na dakika 21 zilizobaki. Ushauri wa mwongozo unahusu vipande vilivyokuwa kitu kimoja kabla ya kukatwa. BABA 1 na BABA 2 zilibanwa kila moja peke yake. Nikaondoa neno track, nikarudia, na kiganja kikatua juu ya meza pamoja na mlio wake. Kwa file unabaki na ukimya wa robo sekunde pale kwenye mpaka. Unavumilika, tena baadaye utaona haukubaki.

Maneno yanayorudiwa

Nikadhani nimemaliza. Nikakaa nitazame mpaka wenyewe, sekunde 20 kabla na 20 baada. Babu anasimulia alivyojifunza useremala. Anasema, "nikamwambia fundi, huu mbao si mkavu," anagonga meza, ananyamaza, anasafisha koo, anaendelea maneno mawili. Kisha: "...wambia fundi, huu mbao si mkavu," anagonga meza tena.

Aliyehamisha kanda alikuwa mwangalifu. Alianza diski ya pili sekunde chache nyuma ya mwisho wa ya kwanza, ili asipoteze neno. Kwa mtu anayebadilisha diski ni busara. Kwa anayeunganisha ni kazi mpya, maana sasa lazima kukata, na kukata bila kubana upya kuna masharti yake.

MPEG-2 haihifadhi kila fremu nzima. Huhifadhi fremu moja kamili, halafu kundi la fremu zinazoeleza tofauti tu na jirani zao. Kwenye diski hizi kila kundi lilikuwa na fremu 12, yaani fremu kamili moja kila sekunde 0.48. Ukitaka kuanza kipande bila kubana chochote, unaanzia kwenye fremu kamili. Ni kama kamba yenye mafundo: unakata kwenye fundo, la sivyo inafumuka.

Kwanza nilipima urudiaji. Kamera haikusogea kabisa, fremu zinafanana mno, kwa hiyo macho hayakunisaidia. Nilitoa sauti za pande zote mbili, nikazitazama kama mawimbi kwenye programu ya Audacity, na pigo la kiganja likasimama kama mwiba kwenye zote. Tofauti ya nafasi zake ilinipa kwamba BABA 2 inaanza pale BABA 1 inaposoma 1:38:27.72. Urudiaji: sekunde 4.28.

Kisha nikaomba mafundo:

ffprobe -select_streams v:0 -skip_frame nokey -read_intervals 1:38:20% -show_entries frame=pts_time -of csv=p=0 d1.mkv

Fremu kamili za BABA 1 zilikuwa 1:38:27.84, 28.32, 28.80, na kuendelea kwa hatua za 0.48. Za BABA 2, zikihamishiwa kwenye saa ya BABA 1, zilikuwa 27.72, 28.20, 28.68. Yaani mafundo ya kamba mbili hayakutani. Yamepishana kwa sekunde 0.12, fremu tatu. Na kwa kuwa hatua za kamba zote mbili ni sawa, ukisogea mbele au nyuma tofauti haibadiliki. Popote nitakapokata, ama nirudie fremu tatu, ama nipoteze tisa.

Kilichobaki mkononi mwangu ni mahali. Kama ningeiacha BABA 2 ianze mwanzo wake na kukata BABA 1 tu, fremu tatu za kurudia zingeangukia ndani ya neno "nikamwambia", na sehemu ya nane ya sekunde ikirudiwa ndani ya neno husikika kama kigugumizi. Babu hakuwa na kigugumizi. Lakini baada ya kugonga meza alinyamaza zaidi ya sekunde moja kabla ya kusafisha koo. Ndani ya ukimya ule palikuwa na fundo la BABA 1 kwenye 1:38:30.24, na fundo la BABA 2 kwenye sekunde yake ya 2.40, ambalo kwa saa ya BABA 1 ni 1:38:30.12. Fremu tatu za ukimya zirudiwe, nani atazisikia?

mkvmerge -o d1k.mkv --split parts:00:00:00-01:38:30.24 d1.mkv
mkvmerge -o d2k.mkv --split parts:00:00:02.40- d2.mkv
mkvmerge -o pamoja.mkv d1k.mkv + d2k.mkv

Kwa kukata hapo, lile pengo la 0.224 mwishoni mwa BABA 1 lilikwenda na mkia uliotupwa. Sauti nayo ilikatika vizuri: kundi la fremu 12 za milisekunde 40 ni milisekunde 480, na vipande 15 vya AC-3 vya milisekunde 32 ni 480 vilevile. Sikupanga hivyo. Nilishukuru tu.

Miraba midogo

Kuna jambo moja halikukaa sawasawa, nami sitalificha. Nilipocheza d2k.mkv peke yake ilianza safi. Ndani ya pamoja.mkv, pale kwenye mshono, kwa fremu mbili, yaani milisekunde 80, miraba midogo ilitetemeka pembeni mwa bega la babu.

Sababu ni kwamba makundi ya fremu kwenye diski hizi yako wazi: fremu mbili za kwanza kuonekana katika kundi hutegemea fremu kamili inayofuata na pia fremu ya mwisho ya kundi lililopita. Nilipokata BABA 2 kwenye sekunde 2.40, kundi lililopita lilibaki kwenye kipande nilichotupa. Ikichezwa peke yake, programu huona fremu mbili yatima na kuziruka. Ikiwa imeunganishwa, programu hukuta nyuma yake fremu ya BABA 1, ikaidhania ndiyo mzazi, na kuchora tofauti juu ya picha isiyo yake. Kwa bahati babu alikuwa amekaa palepale, mwanga uleule, kwa hiyo picha ya mzazi wa kambo ilikaribia ya mzazi halisi. Kama ingekuwa mechi ya mpira, skrini nzima ingevurugika kwa kufumba na kufumbua. Mwanzo halisi wa BABA 2 usingekuwa na tatizo hili, kwa kuwa kundi la kwanza la diski halina cha nyuma cha kutegemea. Nilipima kigugumizi cha sauti dhidi ya miraba ya milisekunde 80 begani, nikachagua miraba. Mwingine angechagua kubana upya kundi lile moja tu la fremu 12, na zipo programu zinazofanya hivyo; lakini kushona fremu mpya kati ya fremu za zamani kuna ugomvi wake, na kwa bega lile sikuona sababu.

Mwisho nikaipitisha kazi yote kwenye msomaji asiye na huruma:

ffmpeg -v error -i pamoja.mkv -f null -

Hufumua video nzima bila kuandika chochote na kulalamika ikikuta dosari. Haikukuta sekta mbovu zozote kutoka ule ukingo wa alama za vidole. Urefu: 2:59:34.84. Jumla ya diski mbili ni 2:59:39, ukitoa urudiaji wa 4.28 na kuongeza 0.12 za fremu tatu, hesabu inafunga.

Mjomba alirudi na flashi. Faili likagoma kuingia. Flashi ilikuwa ya GB 32 na tupu kabisa, lakini ilikuwa imeandaliwa kwa FAT32, mpangilio wa mafaili ambao haukubali faili moja kufika GB 4. "Sasa si ulikate mara mbili liingie?" akauliza, kwa nia njema kabisa. Televisheni yake inasoma NTFS, mpangilio usio na kikomo hicho, basi nikaiandaa flashi upya na kunakili.

Usiku alinipigia. Alikuwa ametazama yote bila kuinuka. Nikamuuliza kama aliona kitu karibu na dakika ya 98, babu anapogonga meza. Akanyamaza kidogo. "Niliona," akasema. "Alikuwa amekasirika kwa ajili ya ule mbao."